Majani Yanaweza Kungoja

Kila Jumamosi asubuhi sauti ilikuwa ileile: shwaa! shwaa! Watu wa mtaa ule wa Vulamba, mjini Butembo, hawakuhitaji kuuliza. Kitsa anakata majani ya uwanja wake.

Kitsa alikuwa seremala. Mikono yake ilikuwa na nguvu, na kupekupe yake, lile panga jembamba lililopinda mwishoni, ilikata kama wembe. Aliinama kidogo, akarusha mkono kulia na kushoto, na majani yakalala chini sawasawa. Uwanja wake ulipendeza kuliko viwanja vyote vya mtaa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, wala hakulificha.

"Baba Christa, félicitations!" walisema wapita njia. "Unasaidiaka bibi yako, kweli!"

"Mwanaume ni kazi," Kitsa alijibu, akijifuta jasho ambalo bado halijatoka.

Wakati huo mkewe, Kaswera, alikuwa ameshateka maji bondeni. Alikuwa amewasha makaa, amepika uji, amemwogesha binti yao Christa wa miaka minne, na ameloweka nguo. Hakuna mpita njia aliyempongeza. Maji yakishaingia nyumbani, hayaonekani kutoka barabarani.

Mambo yalikuwa hivyo tangu walipooana. Majani, ua na paa ni vya mume. Maji, moto, nguo na mtoto ni vya mke. Hawakuwahi kukaa chini na kupanga. Waliukuta mpango umeshapangwa, wakaurithi kama watu wanavyorithi kiti cha babu.

Kisha akazaliwa mtoto wa pili, Ornella. Alizaliwa kwa operesheni. Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alimwambia Kitsa mbele ya mkewe:

"Bibi yako hapana afanye kazi ya nguvu. Angojee mpaka wiki sita ipite."

"Hapana wasiwasi," Kitsa alijibu kwa furaha. "Kwetu, kazi yote ya nguvu ni mimi njo nafanyaka."

Na hakusema uongo. Aliamini hivyo kabisa. Walipofika nyumbani alilificha jembe nyuma ya mbao zake. "Shamba, hapana!" alimwambia Kaswera. "Nilisikia vile banganga ba hospitali balisema." Halafu akanoa kupekupe, akakata majani, ili wageni wa mtoto wakute uwanja unang'aa. Wageni waliona, wakasifu. Kitsa akajiona mume mwema.

Siku za kwanza Tamar, mdogo wake Kaswera, alikuwepo kuwasaidia. Kisha akarudi kwake Mangina. Asubuhi iliyofuata, bidoni zote za maji zilikuwa tupu.

"Mama Christa," Kitsa aliita, "maji ya kunawa iko wapi?"

Aliuliza hivyohivyo tu, kama mtu anavyouliza saa. Kaswera naye hakushangaa. Angesema nini? Jembe ni kazi ya nguvu. Maji ni maji tu. Alimwacha Ornella amelala, akachukua bidoni ya lita ishirini na mkanda wa kubebea, akashuka bondeni.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kupanda iliteleza. Kaswera aliweka mkanda kwenye kipaji cha uso, bidoni mgongoni, akapanda kama wanawake wote wa kwao wanavyopanda. Katikati ya mlima alisikia kitu kinavutika tumboni, kisha kinaachia. Alisimama. Akashika tumbo. Halafu akaendelea, kwa sababu mtoto angeamka.

Hakumwambia mtu. Kesho yake akashuka tena, na kesho kutwa yake vilevile.

Siku moja Kitsa alirudi kutoka kiwanda chao cha useremala kula chakula cha mchana. Hakukuta chakula. Ornella alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Kaswera amelala, anatetemeka kwa homa. Kitambaa kwenye kidonda kimelowa, na kina harufu mbaya.

"Nasikia baridi, Baba Christa," alisema kwa sauti ndogo. "Kidonda imefunguka."

Kitsa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alitoka mbio, akapita katikati ya ua wa maua, akaingia kwa jirani yake, Mukendi.

Mukendi alikuwa muuguzi wa serikali. Alizaliwa Kasaï, akafanya kazi Beni, kisha akahamishiwa Butembo. Mtaa mzima ulimcheka. Mke wake, Audrey, alikuwa akienda ofisini asubuhi, na Mukendi akirudi kutoka zamu alifua nguo za watoto na kuzianika mwenyewe, mchana kweupe. Aliyemcheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kitsa.

Mukendi hakukumbusha hayo. Alikuja, akatazama kidonda.

"Hapana kutia kitu juu," alisema. "Hapana majani ya dawa, hapana majivu. Tafuta teksi. Tunaenda sasa hivi."

Kwenye kituo cha afya alikofanya kazi Mukendi walimpokea haraka. Walisafisha kidonda, wakampa dawa, wakamlaza. Kitsa alikaa nje kwenye benchi, Ornella mikononi. Alimwomba Mungu, kisha akarudia kumwomba kwa maneno yaleyale, kwa kuwa mengine hayakuja.

Baadaye Mukendi akatoka. "Atapona," alisema. "Kidonda ilifunguka juu tu, ndani iko muzuri. Lakini mungengojea tena siku mbili, sijui. Alibeba nini?"

"Hakubeba kitu! Nilimukataza jembe. Nilimukataza shamba. Majani, mimi mwenyewe njo nilikata."

"Na maji?"

Kitsa alishangaa. "Maji ni yake. Ile haiko kazi ya nguvu."

Mukendi alimtazama. Halafu akasema, "Kuya hapa."

Barazani ilining'inia mizani ya kupimia watoto. Ukutani mlinzi alikuwa ameegemeza kupekupe yake. Mukendi akaichukua, akaitundika kwenye mizani. Mshale ulitikisika kidogo tu.

"Hata kilo moja haifike," alisema. "Unaona?"

Akaitoa. Akabeba bidoni ya maji ya kusafishia kituo, akaitundika kwa mikono miwili. Kamba ililia. Mshale ukazunguka, ukazunguka, ukasimama kwenye ishirini.

Kitsa akausogelea mshale, akausoma tena.

"Hii njo bibi yako alipandisha na mulima," Mukendi alisema, "na tumbo ya kushonwa. Sasa niambie, Baba Christa. Kazi ya nguvu ni gani?"

"Mungu wangu," Kitsa alisema.

"Sikia tena. Majani, ukikata leo ao Jumamosi ingine, nani atakufa? Majani inaweza kungoja. Lakini maji haingoje. Moto haingoje. Mutoto akilia, haingoje Jumamosi. Siye banaume tulijichagulia kazi yenye inangoja. Yenye haingoje, tuliachia babibi."

Kitsa alitazama chini. "Batu batasema nini? Mwanaume na mukanda mu kipaji?"

"Batacheka. Wewe ulinicheka, nilisikia. Sikufa."

Siku Kaswera aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mukendi aliwaita wote wawili.

"Kitu yenye kilo mingi kupita mutoto, hapana abebe, mpaka tumupime tena," alisema. "Kidonda ikae safi na kavu. Akule vizuri, alale, anyonyeshe. Akisikia homa, kidonda ikitoka usaha, ikiwa na harufu ao ikifunguka, ao damu mingi ikitoka, mukuye siku ile ile. Hapana kujificha uchungu, Mama Christa. Kunyamaza haiponeshe kidonda."

Asubuhi iliyofuata Kitsa alichukua bidoni na mkanda. Mkanda ukamteleza mpaka puani. Kaswera, aliyekuwa kitandani, alimwelekeza.

"Juu kidogo. Inama. Nguvu inatokaka mu shingo, haiko mu meno! Juu ya nini unauma meno?"

Akaanza kucheka. Akashika tumbo. "Baba Christa, usinichekeshe, kidonda inauma!"

Njiani alikutana na Kasonia, rafiki yake wa kiwandani. Kasonia alisimama, akavua kofia.

"Wavukire, Mama Kitsa!" alimwamkia kwa Kinande, na wanawake waliokuwa njiani na bidoni zao wakaangua kicheko.

Maneno yale yalimchoma Kitsa. Shingo pia ilimuuma. Lakini aliukumbuka mshale wa mizani, akapanda.

Kupanda mlima peke yake hakukutosha. Kitsa alikuwa anadhani bidoni moja ni ya siku nzima. Kumbe chai inakunywa maji, bugali inakunywa maji, na nguo za mtoto zina kiu kuliko ng'ombe. Bugali yake ya kwanza, Christa aliitafuna akaitazama. "Papa," alisema, "bugali iko na mawe."

Nje, majani yakaota. Jumamosi ikapita bila shwaa, na ya pili ikapita.

Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga vizuri habari zilipofika kwamba mama yake Kitsa anakuja kutoka Lubero. Jina lake Vagheni, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Kitsa alikuwa mtoto wake wa pekee. Kaswera aliogopa.

"Atasema nimekuloga," alisema. "Siku mama atakuwa hapa, niache nibebe hata kabidon kadogo. Nitavumilia."

Ukweli ni kwamba moyoni Kitsa alikubali, akaona haya kwa kukubali.

Asubuhi ya kufika kwa mama, alimkuta Kaswera mlangoni. Bidoni mkono mmoja, mkono wa pili umeshika tumbo. Mkanda alikuwa ameshauvaa.

Kitsa alimtazama. Aliwaza mama yake. Aliwaza kicheko cha Kasonia. Kisha akakumbuka kilio cha Ornella siku ile, ile sauti iliyokauka. Akauvua mkanda taratibu kwenye kipaji cha mkewe, akauvaa mwenyewe.

"Lala," alisema. "Mama akuye, aone."

Na mama alikuja, akaona. Kitsa alipofika juu ya mlima, jasho linatiririka, na safari hii lilikuwa jasho kweli, Vagheni alikuwa amesimama kando ya barabara na gunia lake la viazi. Alimtazama mwanawe kuanzia miguu yenye matope mpaka mkanda wa kipaji. Waliongozana mpaka nyumbani kimya. Kwenye uwanja majani yaliwafika magotini.

"Mama," Kitsa alianza, "majani imeota, sikupata nafasi..."

"Nani aliuliza majani? Weka maji chini."

Vagheni akakaa kitandani karibu na Kaswera. Akamchukua Ornella. Akamlaza mapajani.

"Kitsa," alisema mwishowe, "wewe pia ulizaliwa na operesheni. Baba yako alifurahi sana. Alikata majani ya uwanja muzima, wageni bakasifu. Mimi nikashuka kuchota maji. Kidonda ikafunguka. Nikaogopa kusema. Wakati balinifikisha hospitali, ilikuwa imeoza mpaka ndani. Banganga bakatoa kizazi. Njo maana uko peke yako."

Maisha yake yote Kitsa alikuwa ameambiwa: Mungu alitupa mmoja. Hakuwahi kuuliza zaidi.

"Baba yako hakukuwa mubaya," mama aliendelea. "Alinipenda, mpaka leo ananipenda. Hakuna mutu alimuambia kama maji iko na kilo."

Kaswera alilia. Kitsa naye alilia, wala hakugeukia ukuta.

Vagheni alibaki nao mpaka ubatizo wa Ornella. Wiki sita zilipopita, Mukendi alimpima Kaswera kwenye kituo cha afya. Kidonda kilikuwa kimefunga kabisa.

"Sasa unaweza kuanza kazi, polepole," alisema.

"Nitaanza na majani," Kaswera alijibu.

"Majani?" Kitsa alishangaa. "Na maji?"

"Maji endelea nayo kwanza. Nikipata nguvu tutapokezana. Lakini mimi nataka ile kazi yenye batu banapitaka banasifia."

Siku moja kabla ya ubatizo sauti ikasikika tena: shwaa... shwaa. Kaswera alikata kidogo, akapumzika, akakata tena. Uwanja ulitoka na vilima na mabonde, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mtoto mwenzake. Ndani, Kitsa alikuwa anasonga bugali, safari hii bila mawe.

"Mama Christa, félicitations!" walisema wapita njia.

"Mwanamuke ni kazi," Kaswera alijibu, akijifuta jasho.

Kasonia anacheka mpaka leo. Lakini mke wake ana mimba kubwa, na juzi watu walimwona Kasonia mwenyewe anasukuma baiskeli yenye bidoni nne za maji. Alizifunika kwa gunia.

Siku ya Vagheni kurudi Lubero, Kitsa alimfungia mizigo: vitambaa, mchele, sabuni. Mama akatazama vitu vyote, akatikisa kichwa. Akaenda mlangoni. Akatoa kwenye msumari ule mkanda wa kubebea, akaukunja vizuri, akauweka juu ya mchele.

"Mama, hii tena ya nini?" Kitsa aliuliza. "Kule kwetu mikanda iko mingi."

"Yenye mwanaume alishavaa, haiko," Vagheni alisema. "Ninamupelekea baba yako. Shingo angali nayo."