Huyu Nani Wenu?

Hodi ya kwanza ilipigwa saa saba mchana, jua la utosi, upande wa nyuma. Na nyumba ile ya kupanga pale Kasubi haikuwa na mlango wa nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta mtupu, na ng'ambo ya ukuta migomba ya watu.

"Hodi," sauti ikasema, taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake.

Aber alikuwa akichambua mboga. Kabla hajafumbua kinywa, binti yake Ayot, mtoto wa miaka sita, akaitikia kama alivyofunzwa: "Karibu!"

Hapo chumba kikajaa harufu ya ufuta ulioungua. Aber akakimbilia jiko. Jiko lilikuwa baridi, majivu matupu, na ufuta wenyewe hakuwa nao tangu Bibi alipoondoka.

Alipoondoka! Watu kwa kujifariji hawajambo. Bibi hakuondoka, alitolewa.

Bibi Adyero alikuwa nyanya wa Onen, mumewe Aber. Umri wake hakuna aliyeujua. Kila alfajiri aliketi kizingitini, akamwaga maji kidogo, akataja majina: Onen wa Fabiano, Fabiano wa Ojara, Ojara wa Odoch. Kisha alishusha sauti, akataja jina moja la mwisho, akaliambia, "Nawe tunakujua. Kaa hapo hapo nje." Miezi minane Aber alimsikia huku akipuliza makaa, wala hakumsikiliza hata siku moja. Alidhani ni uzee tu.

Onen alikuwa dereva wa serikali. Tangu ndugu zake askari walipopakiwa kwenye malori kambini wasirudi, kisa Waacholi, alinunua kofia ya Kiislamu akajiita Kamis, mtu wa West Nile, kwao wakubwa wa jeshi.

"Bibi, nakuomba unyamaze," alimwambia. "Yule wa chumba cha nne anasikiliza."

Wa chumba cha nne alikuwa jirani mwenye miwani myeusi na redio kubwa. Kazi yake haikujulikana, na ndiyo maana ilijulikana.

Bibi hakunyamaza. Asubuhi moja gari lisilo na namba likasimama uani, wakashuka wanaume wawili. Wakamwelekezea Bibi kidole. "Huyu nani wenu?"

"Simjui," akasema Onen. "Tulimwokota sokoni Kalerwe, akiomba."

Bibi akamtazama. Hata hakulia. Akasema kwa Kiacholi, polepole, "Kweli hanijui. Angenijua, angeniuliza."

Wakamwinua kama gunia, wakamtia kwenye buti la gari. Aber naye alikuwapo, kajiziba kinywa kwa mkono. Basi asimlaumu mumewe peke yake.

Hodi ilikuja siku ya tisa tangu Bibi achukuliwe.

Jioni ile Ayot hakula. Kesho yake, saa saba, hodi ikapigwa tena, naye akaenda akaegemeza shavu ukutani kama anayenong'onezwa. Siku ya nne hakuondoka tena pale ukutani, macho yamemtoka, mwili baridi kama jiwe la mtoni, na ile harufu ya ufuta ikiwa nzito hata nguo zilizokuwa zimekunjwa sandukuni zikanuka, na Aber alipomvuta mkono kumrudisha kitandani mtoto akageuka na kusema kwa sauti ya mwanamke mzima, "Mimi ni nani wenu?"

"Wewe ni mwanangu, jamani! Ayot wangu!"

"Sikuulizi habari za Ayot."

Aber alimlilia Onen mpaka akakubali kumwita Mama Rukiah, mganga wa Kinubi, mtu wa kusikia mengi na kusema machache. Alikuja mchana na ubani wake, akamfukizia mtoto, akanusa hewa, akatikisa kichwa.

"Hii si jini ya njia," akasema. "Hii iko ya nyumba yenu. Wewe, sema! Nani alikuleta?"

Mtoto akacheka kidogo. "Ilikuwa njaa. Nilikuwa naota moto nikikaanga ufuta wa mwisho. Wageni wenye bunduki wakaja na kikapu cha wimbi. Wakamwuliza kaka yangu, huyu nani wenu? Odoch akasema, simjui. Wakamwachia wimbi, mimi wakanifunga kamba. Tangu hapo wake wa nyumba hii hunitaja kila asubuhi, mama mkwe humfundisha mkaza mwana. Nikitajwa, natulia nje. Sasa mmenyamaza. Tena nimekaribishwa."

Aber akakitazama kizingiti. Kumbe yale manung'uniko ya asubuhi ndiyo yaliyokuwa komeo la mlango wao!

"Nipe jina yake," Mama Rukiah akamwambia Onen. "Bila jina mimi siwezi toa."

Onen akabahatisha, hili na lile. Kwa kila kosa mtoto alizidi kuwa baridi, na kucha zake zikaanza kuwa buluu.

"Twende kwenu tukawaulize wazee," Aber akasema.

"Wazee gani?" Onen alisema kwa sauti ndogo. "Aliyebaki alikuwa yeye."

Hodi ikapigwa ukutani. Na kabla haijaisha ikapigwa nyingine, dhaifu, ikifuatiwa na kikohozi kikavu ambacho Aber alikipikia uji kwa miezi minane.

"Wako wawili sasa," Mama Rukiah akasema. "Huyo wa pili anajua jina ya mwenzake. Muite, baba. Sema ni nyanya yako. Wewe ulimkana, wewe umuite. Kwa nguvu!"

Huko uani redio ya chumba cha nne ikazimwa.

"Baba Ayot, mwite," Aber akampigia magoti. "Mtoto anakufa!"

Onen akafumbua kinywa, akaangalia ukuta ulipokuwa ukikohoa, akaangalia dirisha lilipokuwa na kivuli cha mtu aliyesimama bila kutikisika, akamwangalia binti yake, jasho likimtiririka chini ya ile kofia, na ubani ukaisha chetezoni, na neno lililotoka likawa lile lile.

"Simjui," akanong'ona. "Mimi simjui."

Mama Rukiah akafunga vitu vyake. "Basi. Mimi nimemaliza."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho yake gari likarudi, wanaume wale wale.

"Mimi Kamis!" Onen akapiga kelele. "Kamis wa West Nile! Mwulizeni hata mtoto!"

Mmoja akachuchumaa mbele ya Ayot. "Mtoto, huyu nani wenu?"

Ayot akakohoa, kikohozi kikavu. Kisha kwa sauti ya Bibi, kwa Kiswahili safi ambacho Bibi hakukijua maisha yake yote, akasema, "Huyu ni Onen wa Fabiano, Fabiano wa Ojara, Ojara wa Odoch, Waacholi watupu. Na dada yake Odoch ni Akidi."

Wakamshika Onen. Akageuza shingo. "Aber! Waambie!"

"Na wewe?" wakamwuliza. "Unamjua Onen?"

Aber akaushika mkono wa mtoto, ule mkono baridi. "Mimi niliolewa na Kamis," akasema. "Huyo Onen simjui."

Buti likafungwa.

Gari lilipopotea, alimwambia ukuta, "Akidi. Adyero. Tunawajua. Kaeni hapo hapo nje." Ilipofika jioni Ayot akaomba uji, akala na kulia kama mtoto yeyote.

Siku ya tisa tangu Onen achukuliwe, alfajiri, Aber aliketi kizingitini na kikombe cha maji. Ayot alikuwa anapuliza jiko.

"Acha makaa," Aber akamwambia. "Njoo usikilize."

Akataja wote, mmoja mmoja, kwa sauti, ingawa alisikia redio ya chumba cha nne ikizimwa. Akamwaga maji. Ndipo ukutani ikapigwa hodi ya tatu, ya haraka haraka, ya mwanamume.

Ayot akafumbua kinywa aitikie. Aber akamziba.

"Onen," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, asiyafute. "Nawe tunakujua. Kaa hapo hapo nje."