Makopo Chini ya Bati

Kila jioni ya Ramadhani, Chausiku alipeleka sahani ya futari kwa Bi Talha, jirani yao pale Kiwalani, na kila jioni alirudi amenuna. Bi Talha akifunua kawa tu, swali lilikuwa lilelile: "Kapika Naima hiki?"

Naima, mtoto wa mama yake mkubwa, alikuja kutoka Kilwa kuishi nao. Kwa umri alimzidi Chausiku mwaka mmoja tu, lakini mkono wake, mh! Hata maharage yake yalisifiwa mtaa mzima. "Mie niliyezaliwa nyumba hii nimekuwa mbeba sahani," Chausiku alijisemea, kijicho kikimchoma.

Siku moja Mjomba Fakihi alileta makopo mawili ya samaki, akamkabidhi Naima. "Ijumaa ya mwisho nakuja kufuturu. Utaniungia haya kwa nazi." Chausiku hata hakutazamwa. Mjomba alipoondoka, Chausiku akayachukua makopo kimyakimya, akayachomeka juu ya ukuta wa jiko la uani, chini kabisa ya bati. Kwa jua la mwezi ule, bati lilikuwa haligusiki. Makopo yakakaa huko siku nyingi, na Naima akagombezwa kwa uzembe wa kuyapoteza.

Ijumaa ilipofika, Chausiku aliingiwa na woga. Akayashusha yangali ya moto, akayarudisha kabatini. Kifuniko cha kopo moja kilikuwa kimetuna kidogo. Alikiona, akanyamaza.

"Mama mdogo, makopo haya hapa! Yalikuwa nyuma ya unga!" Naima alishangilia. Muda si mrefu mchuzi ukawa unachemka.

Chausiku alikuna nazi huku akiwaza: wakiumwa matumbo leo, nani atamsifu tena Naima? Wazo hilo lilimpendeza, loo, lilimpendeza sana. Lakini waliofunga hawaonji. Naima akateka mchuzi kidogo, akaupuliza, akaita, "Kondo! Njoo utuonjee chumvi."

Kondo, mdogo wake Chausiku wa miaka minne, akaja mbio, mdomo wazi.

"Usile!" Chausiku aliruka, akakipiga kijiko kikaanguka. Akayasema yote pale pale, akilia.

Mama akayaokota makopo matupu, akavitazama vifuniko. Naima akasema kwa unyonge, "Lakini hili moja halikutuna, Mama mdogo. Lilikuwa zima."

"Yamelala pamoja chini ya bati, mwanangu. Joto jingi huharibu chakula ndani ya kopo, hata kama halijatuna, hata kama tarehe haijapita. Ukiwa na shaka, usionje. Tupa." Akaumwaga mchuzi shimoni, akaufukia ili hata kuku wasiuguse.

Kisha akamgeukia Chausiku. "Makopo yanataka mahali penye ubaridi, na kijicho kinataka kusemwa. Ungeniambia kinachokuuma, ningekusikia. Umekificha, nusura kimuue ndugu yako."

Chausiku akamshika Naima mkono. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Haya, lete nazi yako, tuunge muhogo. Mjomba yuko njiani."

Jioni ile Bi Talha akafunua kawa. "Kapika Naima hiki?"

"Kapika Naima," Chausiku akajibu, safari hii bila kununa. "Na nazi nimekuna mie."