Jibu la Ukurasa wa Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi kumi na mmoja wa hisabati ya juu walipanga madaftari yao juu ya meza ya mwalimu, kisha wakaketi bila hata kukohoa. Walikuwa kidato cha mwisho. Mwalimu wao walimwita Rula, kwa kuwa alikuwa mrefu, mkavu, na hakupinda kwa mtu. Sheria yake ilikuwa moja: ukikosa mazoezi matatu mfululizo, unahamishwa mchepuo.

Binti Cherehani alikuwa amekosa mawili. Jina hilo alipewa na wenzake, kwani mama yake alikuwa fundi wa nguo sokoni. Yeye alitaka kusomea uhandisi, na bila hisabati ya juu mlango huo ungefungwa.

Siku hiyo Rula alilitupa daftari lake mbele yake. "Zoezi la tatu hilo! Eneo kati ya mkunjo na mstari ni tano nukta nne. Kitabu kimesema, na wenzako kumi wamesema. Wewe umeniletea nne nukta tano. Kusanya vitu vyako."

"Rudi ukashone vifungo, dada!" sauti ilitoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Hata kunakili kumemshinda," akasema Profesa, kijana aliyeongoza darasa kila muhula.

Kunakili. Darasa lile lilikuwa na desturi yake: mtu akikwama, hufunua ukurasa wa mwisho wenye majibu, kisha huzilazimisha hesabu zake zifike pale. Binti Cherehani naye alifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili Rula alimkamata. Safari hii aliapa kutogeuza hata alama moja. Alirudia hesabu mara tatu, ikakataa kuwa tano nukta nne.

Hakukusanya vitu. Alichomoa karatasi ya miraba kutoka daftarini.

"Mwalimu, nimechora. Miraba minne hapa ni eneo la moja. Nimehesabu iliyo ndani, pamoja na vipande: inakaribia kumi na minane. Kumi na nane gawa kwa nne ni nne nukta tano. Kama kitabu kiko sahihi, ingekuwa karibu ishirini na miwili. Hiyo mingine iko wapi?"

"Unabishana na kitabu?" Rula alifoka. Hata hivyo aliichukua karatasi, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Alihesabu tena. Kicheko kikafa.

"Profesa, njoo ubaoni. Tuoneshe ulivyofika."

Profesa aliandika haraka, mstari kwa mstari, hadi akafika ishirini na saba gawa kwa sita. Chaki ikasimama.

"Endelea. Ni ngapi?"

"Ni... nne nukta tano, mwalimu."

"Na daftarini umeandika?"

Profesa akatazama viatu vyake. "Tano nukta nne."

Hakuna aliyecheka. Rula alichukua kalamu nyekundu, akachora mkasi, alama ya kukosa, kwenye madaftari kumi, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Kisha akafunua la Binti Cherehani, akaufuta mkasi aliouchora mwenyewe na kuweka alama ya vema.

"Mchapaji amegeuza tarakimu mbili," alisema. "Hilo ni kosa, na kosa hurekebishwa. Lakini ninyi mlifika kwenye jibu la kweli, mkaliacha, mkaandika la mwingine. Huo ni uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu imekomea hapo ubaoni. Daraja likianguka, hakuna atakayefunua ukurasa wa mwisho." Akaiweka kalamu mezani. "Nami nilisahihisha kwa kuutazama ukurasa huohuo. Kwa hiyo waliokosa ni kumi na mmoja."

Alimgeukia msichana, uso wake mkavu vilevile. "Kaa. Na wewe uliyemtuma akashone vifungo, sikia: fundi huyu hupima kabla hajakata. Jifunze kwake."