Mdundo Uliochomolewa Kwenye Kaseti ya Babu

Kila asubuhi ya likizo ile, kabla mabasi ya Lindi hayajaanza kupigiana honi pale stendi ya Kibiti, Sufiani alikuwa ameshafagia mbele ya kibanda cha mjomba wake Nurdini, ameshatoa spika mbili nje, na ameshamdharau mtu wa kwanza. Siku hii wa kwanza alikuwa dereva wa bodaboda aliyeleta memori yake aingiziwe nyimbo.

"Unataka nyimbo hizi hizi za kila mtu?" Sufiani alimuuliza, huku ameishika memori ile kwa ncha za vidole kama kamba aliyeoza. "Haya, subiri. Masikio ni yako."

Sufiani alikuwa darasa la saba, lakini kwa maringo yake ungesema amesomea ng'ambo. Kazi ya kibanda ilikuwa ya kawaida tu, kuingiza nyimbo kwenye simu na memori za watu. Yeye akajiona fundi wa muziki. Watu wa Mbuchi na Salale, vijiji vya delta ya Rufiji, waliofika sokoni na tope la mikoko bado miguuni aliwaita watu wa maji. Watu wa Kibiti aliwaita watu wa vumbi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nini, hakuna aliyejua.

Sufiani aliishi kwa bibi yake, Bibi Hadija, katika nyumba iliyo nyuma ya soko. Babu yake, marehemu mzee Gharibu, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na zamani alirudi safari na kompyuta ya nyumbani. Haikufanana na za leo. Ilikuwa kibodi nene kama tofali, haina kioo chake, inachomekwa kwenye televisheni. Programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti, kaseti zile zile watu walizosikilizia taarabu. Mzee alijifunza kuandika programu mwenyewe, akawatengenezea wanawe michezo. Kompyuta yenyewe ilishaliwa na chumvi na panya, lakini kaseti zilibaki ndani ya kopo la biskuti.

Siku moja, akiperuzi mtandaoni kwenye kompyuta ya mjomba, Sufiani aligundua kwamba duniani kuna watu wanaopenda sana muziki wa kompyuta za zamani. Walikuwa wametengeneza programu ndogo, ya bure, yenye kazi moja tu: kuingia ndani ya programu ya kizamani, kuusaka muziki uliofichwa humo, na kuuchomoa. Ilifanya kama wanawake wa Salale wanavyomenya kamba. Kichwa huku, ganda kule, nyama peke yake. Picha ilitupwa, maandishi yalitupwa, ukabaki muziki.

"Mjomba, nataka kuzijaribu kaseti za babu," Sufiani alisema.

Mjomba Nurdini hakuinua hata macho. "Takataka za marehemu hizo. Cheza nazo, ila ukinijazia virusi humu utarudi kuchunga mbuzi."

Sufiani akaazima redio-kaseti ya bibi, akaiunganisha na kompyuta kwa waya, akaanza kulisha kaseti moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zimeharibika. Lakini moja ilikubali. Kwenye kioo kikatokea kimchezo cha picha duni: ndege wanakuja kula mpunga, na mtoto yuko juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, anawatupia mawe kwa kombeo. Sufiani alikitazama kidogo, akacheka kwa pua, akakifunga. Hakuwa na shida na mtoto wala mpunga. Akaamuru programu yake imtolee muziki tu.

Ukatoka. Ulikuwa mwembamba, wa sauti tatu kama filimbi za bati, unapanda na kushuka, na katikati unasimama ghafla, kimya kidogo, kisha unaendelea. Sufiani akauongeza kasi, akaushindilia ngoma za singeli, akaufungulia kwenye spika za nje. Vijana wa bodaboda wakaanza kutingisha mabega wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao.

"Nani kapiga hii?" mmoja akauliza.

Hapo ndipo alipoharibu. Kusema kweli kungemchukua pumzi moja tu, lakini aliinua kidevu, akajibu, "Mimi. Nimetunga mwenyewe, kichwani."

Rafiki yake Iddy, aliyekuwa akiuza maji ya chupa hapo jirani, alitema mate pembeni. "Kichwani kwako? Kichwa kile kile kilichoshindwa jedwali la saba?"

"Wivu utakuua, Iddy. Wenzako tunazaliwa na vipaji."

"Mimi nimezaliwa na masikio. Wewe hata kuadhini unaenda upande."

Watu wakacheka, lakini wimbo waliuchukua. Simu kwa simu, memori kwa memori, mdundo wa Sufiani ukaenea stendi nzima, na Kibiti tunajuana: jambo likianza stendi asubuhi, adhuhuri lishapikwa na kupakuliwa majumbani. Sufiani akaanza kutembea kama aliyebeba yai kichwani.

Wakati huo, katika nyumba ya Bibi Hadija alikuwamo mwali. Alikuwa Tasnim, mtoto wa mama mkubwa wa Sufiani, msichana wa kidato cha kwanza aliyewekwa ndani likizo ile ili afundwe. Watoto wa Rufiji mnajua, na msiojua mjue: mwali hufundwa na akina mama, na kuna nyimbo anazofundishwa humo ndani ambazo hazitoki nje. Mwanamume haimbiwi. Mwali akizitoa, amewavunjia heshima wote waliomfunda. Jumamosi Tasnim angetolewa nje kwa ngoma, kisha arudi shuleni. Mpunga ulishatwangwa na wageni wa delta walishaalikwa.

Somo yake, yaani mama aliyepewa kazi ya kumfunda, alikuwa Bi Salima, mzaliwa wa Salale. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi ambao hata makonda waliupisha njia.

Asubuhi moja Bi Salima alipita stendi na wanawake wawili, wametoka sokoni na makapu yao. Spika za kibanda zilikuwa zinaunguruma. Wimbo ulipofika pale katikati, pale penye kimya, mikono ya Bi Salima ilipiga kofi yenyewe, pa pa. Ya wenzake nayo ikapiga. Kisha wote watatu wakasimama kama walioguswa na umeme. Wakatazamana.

Bi Salima akasogea kibandani, polepole. "Mwanangu, huo umetoka wapi?"

"Umetoka humu," Sufiani alisema, akijigonga paji la uso. "Umeupenda, mama? Lete simu nikurushie."

"Umetunga wewe."

"Mimi na akili yangu."

Bi Salima alimtazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Akili yako hiyo haina nafasi ya kutunga hata mluzi. Kuna mtu kakufundisha. Na mtu huyo nimeshamjua."

Akageuka, akaondoka bila kusema kwaheri. Sufiani akamcheka mgongoni. Watu wa maji, alisema moyoni, muziki wataujulia wapi.

Aliporudi nyumbani mchana alikuta ua umejaa wanawake. Walikaa mikekani, na hakuna aliyekuwa anasuka wala kuchambua mchele. Bibi Hadija alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya mlango uliofungwa Tasnim alikuwa analia.

"Tumefunda mwali au tumefunda kasuku?" Bi Salima alikuwa akisema. "Mtoto yumo ndani, na wimbo uko stendi unachezewa na bodaboda. Mwali mwenye mdomo mimi simtoi. Wageni wa Jumamosi waambiwe wabaki kwao, mpaka huyu aseme alimwimbia nduguye kupitia dirisha gani."

"Sijamwimbia," Tasnim alisema kutoka ndani.

"Nyamaza. Unaongeza uongo juu ya uropokaji."

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, kwamba mtoto kama huyo hata akiolewa atapigiwa ngoma na nani. Bibi Hadija akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Sufiani alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Sasa akaelewa ule wimbo ulikuwa nini. Akinyamaza, mdundo wa Sufiani ungeendelea kuvuma stendi, na yeye angebaki na jina lake. Ila jina hilo angekuwa amelichuma mgongoni kwa dada yake. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayetaka kutoroka.

"Sufiani," Tasnim aliita. Alikuwa amesikia kandambili zake. "Nimekuimbia lini? Wewe sema tu. Lini?"

Wanawake wote wakageuka kumtazama.

"Hajaniimbia," Sufiani alisema. "Na mimi sikuutunga. Nimeuchomoa kwenye kaseti ya babu, kwa kompyuta."

Wakaangua kicheko, kicheko kisicho na furaha hata kidogo.

"Asubuhi umetunga, mchana umechomoa," Bi Salima alisema. "Kesho utasema umeuota. Mtoto, hata kudanganya hujui."

Sufiani alikimbia mpaka kibandani, akarudi na kompyuta ya mjomba, na Mjomba Nurdini mwenyewe akimfuata mbio. Akawaonyesha programu yake, safu za namba, faili la muziki. Bi Salima alizitazama namba zile kama anayeonyeshwa kinyesi cha kuku.

"Hizi zinaniambia nini? Jina la nani liko hapa? Naona namba tu."

Na kweli, jina halikuwepo. Programu ilikuwa imefanya ilichoamriwa, imetoa muziki na kutupa mengine yote. Yule mvulana aliyewadharau watu wa stendi nzima sasa hakuwa na hata mmoja wa kumwamini. Iddy, aliyekuja kuchungulia juu ya ua, alitikisa kichwa tu.

"Leta basi hiyo kaseti yenyewe," Bibi Hadija alisema. "Tuisikie kwa masikio yetu. Hayo mawaya yenu yaacheni."

Sufiani akaitumbukiza kaseti ndani ya redio ya bibi, akairudisha nyuma mpaka mwanzo kabisa, akabonyeza. Hakuwahi kuisikiliza namna ile. Waya ukichomekwa kwenye redio, spika yake hunyamaza, na yeye alichokuwa akingojea ni kompyuta tu. Kaseti ikazunguka, ikakwaruza. Kisha mtu akakohoa.

"Bismillahi," sauti ya mwanamume ilisema. "Huu ni mchezo wa ndege wa mpunga. Nimeuandika mimi, Gharibu, niwachezeshe wanangu. Muziki si wangu. Ni wa akina mama. Nimeusikia nikiwa nyuma ya ua wetu. Nimemuuliza Hadija jina la wimbo, kakataa kuniambia. Basi."

Ikafuata kelele ya programu, kali kama msumari juu ya bati. Sufiani akaizima.

Wengi pale walimjua mzee Gharibu, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu wamsikie. Bibi Hadija alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Halafu akakishusha, akasonya, msonyo mrefu.

"Mzee huyu. Ndiyo maana kila tukiwa na mwali, yeye ana banda la kuku la kutengeneza. Banda gani lile lilivunjika kila mwaka?"

Hapo wanawake wakacheka kweli, wengine huku wanajifuta macho. Bi Salima hakucheka. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa Tasnim, akaufungua kidogo.

"Mwanangu, nimekuvunjia heshima mbele za watu, nisamehe mbele yao hao hao. Jumamosi unatoka, na mkono utakaokushika ni wangu."

Kisha akamgeukia Sufiani, na uso ukarudi ule ule wa ulimi mkali. "Na wewe, nenda ukaseme pale ulipodanganyia. Usininong'oneze mimi."

Sufiani akaenda. Mjomba Nurdini alimpa kipaza sauti. Mbele ya spika zile zile alisema kwamba hakutunga, kwamba wimbo ni wa akina mama na si wa kuchezwa stendi, na kwamba anaomba kila aliyenao aufute. Bodaboda walimzomea mpaka kofia yake ikaanguka. Mmoja akamwita fundi wa kaseti za marehemu, na jina hilo analo mpaka leo. Lakini waliufuta. Wenye mama na dada zao wanaelewa. Iddy alizunguka naye kwa kila simu, akimcheka njia nzima, ila hakumwacha.

Jumamosi Tasnim alitolewa nje, kanga mpya, mafuta yanang'aa, na Bi Salima amemshika mkono. Sufiani alipewa kazi ya kuchota maji na kuosha masufuria, huko mbali ambako ngoma haisikiki vizuri. Bibi Hadija alimfuata huko, akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Na hiyo kompyuta yenu sina ugomvi," alisema. "Umenirudishia sauti ya mume wangu, ahsante. Lakini ulichukua muziki ukamtupa mwenyewe, kwa sababu ulimdharau kabla hujamsikiliza. Ukikiita cha mtu chako, siku ya kudaiwa hutadaiwa wewe peke yako. Atadaiwa na asiyejua lolote, kama alivyodaiwa Tasnim, amefungiwa ndani na hawezi hata kujitetea."

"Nimekosa, bibi."

"Umekosa. Na kukubali kwako mbele ya wale wanawake, nimekuona." Akaokota sufuria moja, akaligeuza, akamrudishia. Bado lilikuwa na masizi. "Babu yako alikuwa mdaku, tena mdaku mkubwa, kuchungulia ngoma za watu. Ila alipokuwa peke yake na mashine yake, hakuna anayemwona, alisema muziki si wake. Sugua hapo."