Mapunye Yametoka Wapi?

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Kidawa aliangalia mfuko wa mchele. Kila asubuhi alikuta tundu jipya.

Ulikuwa mwaka 1971, na mchele ulipatikana kwa mgao. Ulichopewa ndicho hicho mpaka mgao mwengine. Panya wa mtaa wao wa Jang'ombe hawakujua habari hiyo. Walishuka darini, wakala, wakapanda tena darini.

"Baba Ame, panya watatumaliza," Kidawa alimwambia mumewe.

Machano, mumewe, alikuwa akinywa chai. Alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa Mlandege.

"Leo nnakwenda mjini kutengeneza mlango kwa Bi Nunu," alisema. "Nitamwomba paka."

Bi Nunu Darwesh alikuwa mama mtu mzima. Aliishi peke yake katika nyumba kubwa ya mawe, nyuma ya Mkunazini. Majirani zake wengi walikuwa wamesafiri miaka ya karibuni, na wengine hawakurudi. Paka wao walibaki barazani wakilia. Bi Nunu aliwachukua mmoja mmoja, akawaweka uani kwake. Watu wakapaita Nyumba ya Paka. Aliyetaka paka alikwenda kumwomba, naye alimpa kama alimwona ana huruma.

Jioni Machano alirudi na kikapu chenye kifuniko. Ndani yake alikuwamo paka jike mweupe, mwenye manyoya marefu. Watoto walikuja mbio. Mwanapili alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake, Ame, alikuwa na miaka saba.

"Bi Nunu kasema ni mzima, hana ugonjwa wowote," Machano alisema.

Mwanapili alimgusa mgongoni. "Laini kama hariri," alisema. Basi jina lake likawa hilo, Hariri.

Wiki ya kwanza Hariri alikamata panya wanne. Wiki ya pili panya hawakusikika tena darini. Mchana Hariri alilala mapajani kwa Kidawa. Usiku alilala kitandani na watoto, na hakuna aliyemkataza.

Wiki ya tatu Kidawa alimwona Ame anajikuna kichwa.

"Ame."

"Naam, mama."

"Hebu njoo hapa penye mwanga."

Juu ya sikio la Ame palikuwa na kiraka cha mviringo. Nywele zilikuwa zimekatika, na ngozi ilikuwa na magamba ya kijivu kama majivu. Kidawa aliyajua. Yalikuwa mapunye.

Machano aliporudi, Kidawa alimwonesha.

"Kanyolewa lini?" Machano aliuliza.

"Zinafika siku kumi. Kwa Borafya."

"Basi ni mashine ya Borafya," alisema Machano, akatoka bila ya kuvua viatu.

Borafya alikuwa kinyozi wa mtaa wao. Banda lake lilikuwa na kiti kimoja na kioo kimoja. Yeye ndiye aliyemnyoa Machano siku ya harusi yake. Wakati huo wa jioni banda lilikuwa limejaa watu.

"Borafya, umemtia mwanangu mapunye," Machano alisema mbele ya wote.

Borafya alishusha wembe. "Mimi?"

"Nani mwengine? Mashine yako chafu."

"Machano, mashine hii naifuta kila jioni kwa spiriti. Umenijua lini mimi kuwa mchafu?"

"Kichwa cha mwanangu kinatosha kusema."

Mtu aliyekuwa kitini alijifuta povu akaondoka, nusu ya ndevu zake imenyolewa, nusu bado. Wengine walimfuata. Baada ya siku chache, mtoto wa jirani aliyenyolewa pale naye alitoka mapunye. Watu wakasema Machano ana haki. Kiti cha Borafya kikabaki kitupu.

Lakini mapunye ya Ame hayakupungua. Mwalimu alimrudisha nyumbani mpaka apone. Jirani mmoja alimwambia Kidawa apake kitunguu thaumu kilichopondwa. Alikipaka. Kitunguu kilimuunguza Ame, akalia mchana kutwa, na kile kiraka kikawa kidonda. Jirani mwengine alisema si mapunye, ni jicho la watu. Wa tatu alisema ni sabuni. Kidawa alibadilisha sabuni. Kila siku alisikia neno jipya, na kila siku alijua kidogo kuliko jana.

Siku moja alimfumua Mwanapili ili amsuke upya. Alipofungua msuko wa nne, mkono wake ulisita. Kiraka cha mviringo. Alifungua wa tano. Kiraka kingine.

Alikaa na kitana mkononi. Mwanapili hakuwahi hata kuingia katika banda la Borafya.

"Mwanapili hanyolewi," alimwambia Machano jioni ile.

"Labda kachukua kwa Ame."

"Na Ame kachukua wapi?"

"Nshakwambia. Kwa Borafya." Lakini sauti yake haikuwa ile ya siku ile bandani.

Kidawa alikunja mkono wa kanzu yake. Ndani ya kiwiko palikuwa na duara jekundu, pembeni limeinuka, katikati limefifia.

"Hili ni choa," alisema. "Nimeliona leo. Nifahamishe, Baba Ame. Mimi nimenyolewa na nani?"

Machano alilitazama lile duara muda mrefu.

Asubuhi Kidawa aliwachukua watoto wote wawili mpaka zahanati. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Bi Sichana. Alikuwa mama wa makamo, mpole.

"Shikamoo, bibi," watoto walisema.

"Marahaba, wanangu. Sogeeni dirishani niwaone."

Alitazama vichwa vyao, kisha mkono wa Kidawa.

"Mapunye na choa ni ndugu," alisema. "Yakiwa kichwani tunayaita mapunye. Yakiwa mwilini tunayaita choa. Si jicho, na si sabuni. Ni kuvu, mfano wa ile inayoota kwenye mkate uliolala."

"Imetoka wapi?" Kidawa aliuliza. "Hilo ndilo linalonitia wazimu."

"Kwa mtu mwengine, au kwa kitu alichokitumia. Kitana, kofia, mto, mashine ya kunyolea. Mara nyengine kwa mnyama. Mnafuga nini?"

"Paka. Lakini paka wetu hana kitu. Manyoya yake yanang'aa."

Bi Sichana aliandika kikaratasi. "Mpeleke kwa Bwana Muhiddin katika ofisi ya mifugo. Mwambie nimekutuma mimi. Watoto nitawapa vidonge. Watavimeza kila siku kwa wiki nyingi, hata wakiona wamepona. Hili choa lako, dawa ya kupaka inatosha. Kitunguu usipake tena."

Kidawa alitoka zahanati na dawa mkononi, lakini akili yake haikutulia. Paka mzuri vile atakuwa na ugonjwa gani?

Kesho yake Machano aliacha kazi, wakaenda pamoja, Hariri yumo kikapuni. Bwana Muhiddin, daktari wa mifugo, alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani. Alimgeuza Hariri, akampapasa masikio na miguu.

"Kwa macho simuoni na kitu," alisema.

"Si nilisema?" Machano alimwambia mkewe.

"Ngoja kwanza, bwana." Muhiddin alifunga madirisha na mlango. Chumba kikawa giza. Kisha akawasha taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, akaipitisha juu ya Hariri.

Nyuma ya sikio, nywele kadhaa ziliwaka rangi ya kijani. Shingoni ziliwaka nyingine. Kwenye mguu wa mbele pia. Kidawa alimshika mumewe mkono.

"Hiyo ndiyo kuvu," Muhiddin alisema. "Si kila aina inang'aa, lakini hii ya paka inang'aa. Paka anaweza kuibeba bila ya kujikuna na bila ya kunyonyoka. Hasa mwenye manyoya marefu kama huyu. Nywele zake zinaanguka kitandani, mtoto analalia, basi."

"Kwa hivyo si Borafya aliyemwambukiza Ame," Kidawa alisema polepole.

"Borafya ni nani?"

Kidawa alimweleza.

"Paka alikuja kwanza, au Ame alinyolewa kwanza?" Muhiddin aliuliza.

"Paka alikuja kwanza. Kama siku kumi hivi."

"Basi huenda Ame alikaa kile kiti akiwa nayo tayari, nyinyi hamjaiona. Mashine ikapita kichwani kwake, kisha ikapita kichwani kwa mtoto mwengine."

Machano alikaa chini kwenye benchi. "Yule mtoto wa jirani," alisema.

"Sijui," Muhiddin alisema. "Lakini inawezekana."

"Nimtupe huyu paka?" Kidawa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ukimtupa ataingia nyumba nyengine, na kuvu itabaki kwenye mito yako. Mtibu. Nitamnyoa manyoya na kumwosha kwa dawa leo. Kisha mtamwosha kila wiki, na mtampa vidonge. Akae peke yake mahali panapofagilika, mpaka taa hii isioneshe kitu. Ashughulikiwe na mtu mzima mmoja, si watoto, naye aoshe mikono kwa sabuni. Mashuka na kanga zichemsheni. Godoro litoeni juani. Nywele mnazofagia zichomeni moto. Na kila mtu awe na kitana chake na kofia yake."

Kidawa alikumbuka jambo. "Mimi nashona kofia za kuuza. Paka alikuwa akilala mapajani kwangu nikishona."

"Ambazo hujaziuza, zichemshe."

Muhiddin aliuliza paka alitoka wapi, na siku ya pili alikwenda na Kidawa kwa Bi Nunu. Bi Nunu aliposikia neno ofisi, alisimama mlangoni asiwapishe.

"Mmekuja kuwaua," alisema.

"La, bibi. Nimekuja kuwatazama."

"Mimi niliwaokota ili wasife njiani. Sikumpa mtu paka mgonjwa. Wallahi sikumpa."

"Hukujua, bibi," Kidawa alisema. "Hata mimi nimekaa naye miezi miwili sikujua."

Bi Nunu aliwapisha. Katika paka kumi na mmoja, wanne waliwaka kijani. Bi Nunu aliitazama ile taa, machozi yakimtoka.

"Nilikuwa nawatazama kwa macho tu," alisema.

Tangu siku hiyo aliwatenga wagonjwa katika chumba cha peke yao. Na paka mgeni hakuchanganywa na wenzake wala kupewa mtu mpaka Muhiddin amtazame.

Likabaki jambo moja. Machano alilizunguka siku tatu. Ijumaa asubuhi, saa ambayo wanaume hunyoa kabla ya sala, alikwenda katika banda la Borafya. Zamani saa hiyo palikuwa hapana pa kukaa. Siku ile walikuwapo wazee wawili tu, wakizungumza, na watu wakipita njia. Machano alisimama pale pale aliposimama siku ile, akanyanyua sauti ili wapitaji wasikie.

"Borafya, nilikusingizia. Mapunye ya mwanangu yametoka kwa paka wetu. Nilikuja hapa na maneno, na sikuwa na hakika. Nisamehe."

Borafya hakuinua macho. Alikuwa akikunja taulo.

"Na kuna zaidi," Machano aliendelea. "Huenda mwanangu ndiye aliyeleta ugonjwa kwenye mashine yako. Daktari wa mifugo kaniambia. Yule mtoto wa jirani, vidonge vyake nitamfuatilia mimi mpaka apone."

Borafya aliweka taulo juu ya taulo. "Wiki tano," alisema. "Wiki tano nimekaa nakitazama kioo changu."

"Najua."

"Hujui." Alichukua taulo nyengine. "Huyo daktari kasemaje kuhusu mashine?"

"Spiriti ya jioni peke yake haitoshi. Kila ukimaliza kichwa kimoja, meno ya mashine na wembe vichemshwe kabla ya kichwa chengine. Na taulo iwe safi kwa kila mtu."

Borafya alitikisa kichwa kukubali. Hakusema kuwa amesamehe, na Machano hakumlazimisha. Lakini Jumatatu watu waliona jiko la mkaa limewekwa mlangoni kwa Borafya, na juu yake sufuria ya maji.

Wiki zilipita. Kidawa alimwosha Hariri kila Jumamosi, paka akipiga makelele na kumkwaruza. Watoto walimtazama kwa mbali. Mara mbili Ame alitaka kuacha vidonge, akisema kichwa hakiwashi tena. Kidawa alimhesabia siku zilizobaki, akampa maji.

Mwezi wa tatu wa dawa, Muhiddin alifunga tena madirisha na kuwasha ile taa. Aliipitisha juu ya Hariri, mbele na nyuma. Chumba kilibaki giza. Baada ya siku saba alirudia, na bado palikuwa giza. Bi Sichana naye alivitazama vichwa vya watoto, akaandika barua kwa mwalimu kuwa Ame arudi skuli. Mwanapili aliweza kusukwa tena.

Nywele za Ame ziliota kote, hata juu ya sikio, mpaka zikawa ndefu. Siku moja kabla ya kurudi skuli, Kidawa alijifunika kanga, akamshika mkono mwanawe. Hakumwachia Machano kazi hiyo. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kwenda kwa kinyozi, na wanaume waliokuwa bandani waligeuka walipomwona.

"Bwana Borafya," alisema, "nimemleta Ame."

Borafya alimtazama Kidawa, kisha mtoto. Alikiinamisha kichwa cha Ame kwenye mwanga, akakikagua taratibu, upande huu na upande huu. Kisha alitumbukiza meno ya mashine katika maji yanayochemka.

"Kaa kitini, baba," alimwambia Ame. "Tunasubiri kidogo."