Ukifuta Rangi, Umefuta Mizani

Walikutana kwenye duka la uchapaji, saa sita mchana, mashine zikinguruma na foleni imefika mlangoni. Mtafiti alivaa gauni la manjano. Mchapaji, aproni yenye madoa ya kila rangi.

"Dada, hizi kwenye picha yako ni shanga?"

"Ni galaksi, kaka. Kila doa ni mamilioni ya nyota."

"Ahaa, galaksi," akaitikia kwa kichwa, kama aliyezaliwa huko.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: kuitikia. Penzi lilishika moto, na kwa miezi saba binti alimsimulia utafiti wake, naye kazi yake kumtazama machoni na kutikisa kichwa. Alimpenda mno, akaona haya kusema haelewi.

Asubuhi ya kutetea tasnifu, simu ikalia dukani.

"Mpenzi, bango la utafiti ulilonichapia umelifanya nini? Galaksi zote nyeupe!"

"Nilidhani mashine imezidisha wino mwekundu tena, nikasawazisha. Limependeza, au sio?"

"Umeniua! Rangi ndiyo kazi yangu ya miaka minne! Watahini wamenipa saa moja tu. Miezi saba ulikuwa unaitikia nini?"

Uongo ulikuwa karibu, mchapaji akaupita.

"Sauti yako. Sijawahi kuelewa hata kidogo. Nisamehe, nieleze sasa."

Binti alikuwa na hasira, lakini kufundisha kulikuwa damuni mwake. "Galaksi ziko mbali, haziwekwi kwenye mizani. Chukua mbili zenye mwanga sawa. Ya buluu ina nyota changa. Chache tu zinatosha kuwaka hivyo. Nyekundu ina nyota nyingi za zamani, kila moja hafifu. Ipi nzito?"

"Nyekundu! Kumbe ya buluu ni debe tupu?"

"Si tupu, ila makeke yameizidi uzito. Sasa ukifuta rangi, umefuta mizani yangu."

"Nalichapa upya, nakuja!"

Alifika zimebaki dakika tano, anahema, wino mwekundu hadi viwikoni. Akakabidhi bango, akakaa kwenye korido akisugua mikono isiyotakata. Mlango ulipofunguliwa, binti alitoka analia na kucheka.

"Nimefaulu!"

"Hongera, daktari wangu. Mimi hata sing'ai, ona nilivyo mwekundu."

"Nimeshaisoma rangi yako, mzito wangu. Utanioa?"

Kichwa cha mchapaji kikaanza kwenda juu na chini. Binti akamkamata kidevu.

"Usiitikie tu! Umeelewa nilichouliza?"

"Kila neno. Nitakuoa."