Khanga ya Najiat Kiunoni kwa Mume Wangu

Jamani, saa moja asubuhi nimesimama mlangoni mwa jiko la watu, na mume wangu wa ndoa amefunga khanga ya mwanamke mwingine kiunoni!

Tena anamlisha...

Kijiko anakipuliza kwanza kipoe, halafu anakipeleka mdomoni kwa huyo mama.

"Onja, dada Najiat."

"Mmh! Jilala, wewe utaniua!"

Aliyekuwa anakufa ni mimi.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, mjue nilifikaje pale.

Mimi ni Jenifa wa Bukene. Mume wangu Jilala alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la tumbaku Tabora mjini. Wiki nzima yuko huko, Jumamosi anarudi nyumbani. Miaka tisa mashati yake yananuka tumbaku, nafua, sina neno.

Mwezi wa tatu mwaka huu shati likarudi linanuka iliki.

Nikanusa tena. Iliki! Na vitunguu vya kukaanga!

Wanawake wenzangu mnanielewa. Kuna mtu anampikia huyu!

"Baba Ngollo, siku hizi unakula wapi?"

"Kwa mama ntilie tu."

Anajibu huku anaangalia ukuta. Muongo mkubwa!

Nikavumilia mpaka mwezi wa sita. Ndipo jirani yetu Lukumani, anayepeleka mpunga mjini, akanipa umbea wote.

"Shemeji, mumeo namwona sokoni na kikapu. Akitoka hapo anaingia kwa Najiat, kwenye ile nyumba ya zamani ya wageni."

Kikapu! Jilala, ambaye hata chumvi ya dukani hajawahi kunifuatia!

Alhamisi nikamwacha mtoto kwa jirani, nikapanda gari.

Nyumba yenyewe ni ya enzi za misafara, wapagazi walipopita na pembe za ndovu kuelekea pwani. Kuta nene, mlango wa kuchonga, na vyumba vimepewa majina ya vituo vya njiani. Unalala, asubuhi unapewa kifungua kinywa. Watalii wanapiga picha mpaka bawaba.

Kwenye kitabu cha wageni nikajiandika Consolatha, kutoka Ulyankulu. Nikapewa chumba cha Ujiji.

Aliyenipokea ni Najiat mwenyewe. Mjane, arobaini na kitu, ngozi laini, hina mikononi. Niliviangalia vile vidole nikavichukia kimoja kimoja.

"Karibu dada, jisikie uko nyumbani."

Nyumbani! Wakati mume wangu mwenyewe amehamia kwake!

Jioni nzima nilichungulia dirishani, Jilala simwoni. Asubuhi Najiat akaniletea sinia. Chapati nne, maharage ya nazi, mkate wa kumimina na asali.

Nikakata chapati... jamani. Laini, ina tabaka, inaachia yenyewe mkononi. Machozi yakanitoka. Nikajua hapa nimeshindwa. Kwa chapati hizi hata mimi ningehama!

Nikazila zote nne kwa hasira. Kisha nikafuata harufu mpaka uani, jikoni.

Ndipo nikayaona hayo niliyowaambia.

Sasa kwetu, mwanaume akishika mwiko na mwanamke yupo, watu hawaulizi mara mbili. Kalishwa limbwata! Dawa ya mapenzi imempumbaza, hana tena akili yake.

Sikupiga kelele. Nilitoa simu nikarekodi khanga, kijiko na vicheko vyao. Nikatuma kwenye grupu la ukoo wa kina Jilala, watu arobaini na mmoja.

"Njooni mumwone ndugu yenu! Kalishwa limbwata Tabora!"

Nikaingia ndani.

"Baba Ngollo!"

Kijiko kikaanguka. Najiat akanikodolea macho.

"Consolatha, kumbe unamfahamu mpishi wangu?"

"Mpishi?"

"Ana miezi minne hapa. Chapati ulizokula ni za mkono wake."

Nikamgeukia Jilala.

"Na ghalani?"

"Walipunguza watu tangu mwezi wa pili."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi si mkeo?"

"Mama Ngollo, ulipojifungua, siku ya tatu niliingia jikoni nikukorogee uji. Ulinifanya nini?"

Nilikumbuka. Nilimnyang'anya mwiko nikamtoa mbio, majirani wasije kusema nimemlisha limbwata.

"Napenda kupika," akasema taratibu. "Tangu utotoni. Hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo sijachekwa."

Hapo hapo simu yake ikaita. Kaka yake mkubwa, Lugembe, anafoka mpaka sote tunasikia.

"Jilala! Khanga kiunoni? Umetuaibisha! Rudi leo hii tukupeleke kwa mganga!"

Jilala akaniangalia. Hakuuliza nani katuma. Akafungua khanga, akaikunja vizuri, akamkabidhi Najiat kwa mikono miwili.

"Nashukuru dada. Sitaweza kubaki."

Najiat akanigeukia.

"Ulikuja kumchukua mumeo, au kumvunjia heshima?"

Nikafuta ile video, lakini walishaiona wote. Nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu lile lile.

"Ndugu zangu, nimekosa. Hakuna limbwata. Jilala ni mpishi, ameajiriwa hapa. Ni wivu wangu tu."

Lugembe akaandika, "Na huyu naye kalishwa!" Vicheko vikamiminika.

Halafu ikaingia sauti ya mama mkwe wangu, Mama Marcelina, ambaye kwenye grupu hilo hajawahi kusema hata neno.

"Lugembe mwanangu. Mwaka niliolazwa miezi mitatu, nani aliwapikia? Wewe una miaka kumi na minne, umekaa nje unangoja sahani. Jilala ana miaka tisa, anasonga ugali wa watu sita. Nikarudi nikawakuta mmenenepa. Tukanyamaza kwa kuogopa majirani. Sasa anayecheka aanze kusema alikula nini."

Lugembe akajitoa kwenye grupu.

Jilala aliisikiliza ile sauti mara mbili. Akafuta macho, akaomba khanga, akajifunga upya.

"Wageni wanangoja chai," akamwambia Najiat. Akageukia jiko.

Nilirudi Bukene peke yangu.

Wadogo zangu, nilihangaika kujua nani anampikia mume wangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza yeye anapenda nini. Ukiwa na wivu, muulize mwenyewe kabla hujashika simu, maana heshima ya mtu ukishaitupa kwenye grupu huwezi kuifuta.

Jumamosi anarudi kama kawaida, anacheza na mtoto. Nimemwambia jiko ni lake, aingie muda wowote. Anasema amechoka.

Kesho asubuhi kuna mgeni asiyemjua Jilala hata jina atakula chapati za mume wangu. Na ninakiri mbele yenu, huyo mgeni namwonea wivu mpaka nalia.